Mkono wa Kujaribia

Bi Mwanasiti alikuwa na mikono miwili kama sisi sote, lakini aliouonyesha watu ni mmoja tu. Wa kulia ulijulikana. Ulikuwa umepamba maharusi wa Makorora, wa Ngamiani, wa Chumbageni, hadi wa Pangani, kwa miaka thelathini na moja. Wa kushoto ulikaa ndani ya gauni mpaka kwenye kifundo, masika na kiangazi, na wenzake wakimuuliza kama hasikii joto, anasema amezoea. Joto la Tanga la mwezi wa pili! Azoee nani?

Chini ya kitambaa kile, upande wa ndani, kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini, hapakuwa na pahali pazima hata pa kuweka kidole. Madoa meusi, madoa meupe, makovu yaliyojikunja. Na kila doa lina mwenyewe. Hapa ni wale mapacha wa barabara ya kumi na mbili, hapa ni binti wa imamu, hapa ni yule wa Muheza aliyeolewa mara mbili na mara zote mbili akapambwa na yeye.

Ndivyo alivyofundishwa kazi. Marehemu Bi Zaina, aliyemtia mkononi brashi ya kwanza, alikuwa na sharti moja asilolilegeza hata kwa ndugu: uso wa mtoto wa watu si pa kujaribia. Kila poda mpya, kila wanja, kila piko nyeusi ya kuchorea mikono, mpambaji ajipake mwenyewe mkononi siku tatu kabla ya harusi. Mkono ukitulia, bibi harusi apambwe. Mkono ukiwaka, kopo litupwe, hata kama limenunuliwa jana. Wasichana wa saluni wa siku hizi hawana muda huo. Wanafungua kopo asubuhi, adhuhuri limeshafika usoni mwa mtu. Mwanasiti aliwasonya, na kwa kusonya kwake na kwa mkono wake akajipatia jina. Mwanasiti, watu walisema, hajaunguza mtu.

Hajaunguza mtu, isipokuwa Saumu. Lakini Saumu alikuwa kala kamba.

Hiyo ni habari ya miaka kumi na moja nyuma. Saumu alikuwa binti wa Ngamiani, mrefu, mcheshi, macho makubwa yanayozungumza kabla ya mdomo. Mwanasiti alijaribu wanja wake siku tatu mkononi, mkono ukatulia kimya. Akampaka asubuhi ya harusi. Kufika adhuhuri macho ya Saumu yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, yanatoa maji, na wanawake wameziba midomo kwa mitandio. Ndipo Mwanasiti aliposema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Huyu jana kala kamba. Mwili wake haupatani na kamba." Na kweli alikuwa kala. Nani Tanga halili kamba? Ikawa ndiyo hiyo. Saumu aliolewa hivyo hivyo, macho hayafunguki, na tangu siku ile hakugusa kamba tena.

Sasa turudi kwenye mkono. Mwezi mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, ulianza kutoa majimaji, na Mwanasiti akaenda zahanati ya mtaani kwa Nesi Consolata, mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, Mkatoliki, asiyejua kuzungusha maneno.

"Mama, unajipaka nini hapa?"

"Kazi yangu hiyo, mwanangu."

"Basi kazi imeshaula mkono. Mwili wako sasa unakataa kila kitu, kizuri na kibaya. Ukiendelea, siku moja hautavimba mkono, litavimba koo, na koo likivimba hatutaongea tena hivi." Akasema na mengine, kuhusu ngozi ya mtu na ngozi ya mwenzake, lakini Mwanasiti alikuwa ameshafunga masikio, anaangalia kalenda ya ukutani yenye picha ya Bikira Maria.

Tangu siku hiyo alikuwa akiwakataa maharusi, anasingizia mgongo. Alichoka, jamani. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kukaa kwenye ukingo wa kitanda asubuhi, unaviangalia viatu vyako pale mlangoni, unaona ni mbali. Angeacha kazi kabisa siku ile ile kama si Shadya.

Shadya alikuwa mtoto wa mdogo wake, marehemu Mwanamvua, aliyefariki Pangani mtoto akiwa na miaka saba. Siku zake za mwisho Mwanamvua hakuomba mengi. Alimshika dada yake akamwambia, "Siku ya harusi ya huyu, usimwachie mtu mwingine ampambe. Mpambe wewe, kama ulivyonipamba mimi." Mwanasiti akasema ndiyo. Sasa mtoto kakua, mwalimu wa sayansi shule ya msingi huko Mwera, na kachumbiwa. Na katika watoto wa watu wote wa mkoa huu, kachumbiwa na nani? Badru wa Ngamiani, mdogo wake Saumu. Saumu yule yule wa kamba. Mwanasiti aliposikia alicheka peke yake jikoni, kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe.

Harusi ilikuwa Ijumaa, nyumbani kwa baba yake Shadya, Mzee Uweso, Pangani mjini. Jumatatu asubuhi Shadya akaingia Makorora, kwa Mwanasiti, na begi lake.

"Hodi! Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umekonda? Huko Mwera hamli?"

"Tunakula, Mama Mkubwa. Ni hizi shughuli." Alikaa mkekani, akanywa maji ya mtungi, halafu akatoa simu. "Nina neno moja tu la kukuomba, na usinicheke."

Mwanasiti aliposikia usinicheke alijua kuna mzigo unakuja.

Mzigo wenyewe ulikuwa hivi. Shule ya Shadya ina banda la sungura. Watoto wanawafuga, wanasafisha, wanajifunza. Mwaka jana mmoja aliugua macho, na Shadya akawa anamwosha kila asubuhi kwa pamba na maji ya chumvi, wiki tatu, mpaka akapona. Halafu siku moja akaona kwenye simu picha za sungura wamebanwa shingo kwenye visanduku, safu kwa safu, wanatiwa vitu machoni ili watu wajue kama wanja na shampuu zinawasha. Wengine hawana macho tena. Tangu siku ile, alisema, hawezi kujipaka kitu mpaka ajue kimepita wapi.

"Na hao wa shule mnawafanya nini wakikua?" Mwanasiti akauliza.

"Tunauza. Wanaliwa."

"Wanaliwa! Sasa wewe binti unalia nini?"

"Kuliwa ni kuliwa, Mama Mkubwa. Anachinjwa kwa bismillahi, imekwisha. Kukaa siku nzima umebanwa shingo unatiwa dawa jichoni, ili mimi nipendeze? Hapana. Siku ya harusi yangu sitaki usoni mwangu kitu cha namna hiyo."

Mwanasiti alilivuta sanduku lake la kazi, la bati, lililobadilika rangi kwa miaka, akalisukuma mbele ya binti. "Haya. Chagua mwenyewe."

Loo, ilikuwa kazi! Shadya alilitoa kopo moja moja, akaligeuza chini juu, akasoma maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, akaangalia simu, akaweka kushoto. Faundesheni, kushoto. Poda, kushoto. Gundi ya kope, kushoto. Piko, hata hakuigeuza, alisema yeye anataka hina ya majani tu, ya kutwanga. Upande wa kulia palibaki liwa, ule unga wa mti wa kunukia, marashi na kichana. Mwanasiti aliviangalia vitu vyake vikihama kimoja baada ya kingine. Vyote alivijaribu, vyote alivijua. Akahisi usingizi mzito saa tatu ya asubuhi.

"Basi twende kwa Luqmani," akasema.

Luqmani ana duka la vipodozi karibu na soko, duka jembamba limejaa mpaka darini, na yeye mwenyewe kajaa maneno zaidi ya bidhaa. Shadya akamweleza anachotaka: vitu ambavyo havikujaribiwa kwa wanyama.

"Dada yangu, umefika!" Luqmani akapiga kaunta. "Vitu vyangu havijajaribiwa na mnyama wala na binadamu. Vipya kabisa, tazama, vina nailoni yake!"

Shadya alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanasiti naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ikabidi Luqmani afahamishwe upya, taratibu, naye akakuna kichwa, akapanda kwenye ngazi, akatoa vumbi kwenye katoni moja ya nyuma. Vilikuwemo vitu vyenye alama ya kijisungura kinachoruka, ya kwamba mnyama hakuguswa. "Hivi hapa havitoki," akasema. "Wateja wanakiona kisungura wanadhani ndani mna mafuta yake. Mmoja kaniuliza kama ni halali." Shadya akasoma, akaangalia simu, akasoma tena. Wakatoka na vinne: faundesheni, poda, rangi ya mdomo na wanja.

Njiani jua linawaka, Mwanasiti anahesabu siku kichwani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Vitu vinne vipya, asivyovijua hata kimoja, na usoni mwa mtoto wa Mwanamvua. Na siku tatu ndizo hizo zilizobaki.

Wakala wali na maharage. Shadya alikuwa bado moto na habari zake, anazungumza na mkono umeshika tonge. "Na unajua kinachoniuma zaidi? Hata haisaidii sana. Ngozi ya sungura si ngozi ya mtu. Anaweza akaungua yeye, wewe usiungue. Anaweza asiungue yeye, ukaungua wewe. Kila ngozi na mambo yake. Kiumbe wa Mungu kateseka, na bado hujapata jibu."

Mwanasiti akaacha kutafuna.

"Nani kasema?"

"Wanasayansi wengi wanasema, Mama Mkubwa. Nawafundisha watoto darasani."

Mwanasiti alikusanya sahani akaenda nazo uani. Alizisugua kwa majivu muda mrefu kuliko zilivyostahili, kwa sababu maneno yale hayakuwa mageni. Ndiyo yale mengine aliyoyasema Nesi Consolata, yeye akiwa anaangalia kalenda. Kila ngozi na mambo yake. Basi mkono huu ulikuwa unamsemea nani? Akamwona Saumu, macho yamefumba. Akamfukuza. Kamba, akajiambia. Alikuwa kala kamba.

Baada ya Asiri Shadya alijinyoosha kitandani, usingizi ukamchukua na simu mkononi. Mwanasiti akaingia chumba cha pili, akarudisha mlango, akakaa mkekani na vile vitu vinne. Alijua alichoambiwa. Alijua koo ni koo. Lakini mtu aliyefanya jambo moja miaka thelathini na moja, mwambie akampake mtoto wake kitu asichokijaribu, utasikia atakavyokwambia. Hawezi. Mkono wenyewe hauinuki.

Akakunja gauni upande wa kushoto, akatafuta nafasi. Hapakuwa na nafasi. Alitafuta kama mtu anayetafuta pa kushona kwenye kanga iliyochakaa, akakosa. Basi akakunja wa kulia, ule wa kazi, mweupe, mzima, ambao hajawahi kuupaka kitu. Akaweka matone manne kwa safu. Faundesheni, poda, rangi ya mdomo, wanja. Akaegemea ukuta, akafumba macho.

Mlango ulipofunguliwa hakusikia.

"Mama Mkubwa, taulo naweza ku..." Shadya akakatika.

Mwanasiti alikimbilia kushusha gauni, lakini alikuwa kachelewa. Binti alishapiga magoti mbele yake, ameushika ule mkono wa kushoto kwa mikono miwili, anaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Hakuna mtu. Kazi tu."

"Kazi gani ya hivi? Mama Mkubwa! Kazi gani?"

Ikabidi aseme. Alisema kwa ufupi, bila kulia wala kujisifu, kama anayetaja bei ya nyanya. Bi Zaina, siku tatu, uso wa mtoto wa watu. Shadya akawa anapitisha kidole juu ya makovu, na Mwanasiti anamtajia wenyewe: huyu fulani, huyu fulani. Kidole kikafika juu kabisa, karibu na kiwiko, kwenye kovu moja la zamani, limeng'aa kwa uzee.

"Na hili?"

"Hilo ndilo la kwanza. La mama yako. Ilikuwa piko ya unga, kali. Iliniunguza, nikaitupa, nikamtafutia nyingine."

Shadya akalitazama kovu lile, machozi yanamdondoka kwenye mkono wa mama yake mkubwa. Halafu akakasirika. Alikasirika kweli, mpaka sauti ikapasuka.

"Asubuhi nzima! Asubuhi nzima nimekaa na makopo yako nauliza sungura kafanywa nini. Nimekwenda mpaka dukani. Na wewe umekaa pembeni yangu, una mkono kama huu, unaniambia chagua mwenyewe! Mbona hukunambia?"

"Ungefanyaje?"

"Ningeuliza! Kwani sungura alinambia?"

Hapo ndipo alipoona mkono wa kulia. Faundesheni ilikuwa imeshainuka kama mkate wa ufuta. Poda vile vile, na rangi ya mdomo imezungukwa na wekundu. Shadya akamkokota mpaka uani, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, lakini vitu vilishaingia. Mwanasiti akataka kusema si neno, ulimi ukawa mzito. Midomo inamcheza. Shadya hakusubiri. Akamtupia baibui, akasimamisha bajaji.

Nesi Consolata alikuwa anafunga dirisha la zahanati. Alipomwona nani kaletwa, akavunja chupa ya dawa, akachoma sindano, akakaa kwenye kiti mbele yake akimhesabia pumzi. Nje waadhini wakaanza kuadhini Magharibi, mmoja akimpokea mwenzake. Polepole ulimi ukarudi.

"Nilikwambia," Nesi akasema.

"Uliniambia."

"Hii ndiyo ya mwisho. Si kwa mwezi huu. Ya mwisho."

"Lakini ona," Mwanasiti akanyanyua mkono wa kulia. "Wanja hauna neno. Ona, pako safi. Angalau wanja nitampaka."

Nesi Consolata akavua miwani, akasugua macho. Alikuwa naye kachoka, tangu asubuhi anachoma sindano watoto wa watu. "Mama. Nilikueleza mwezi uliopita hukunisikia. Mkono wako hauwezi kumjibia huyu binti. Wa kwako umekataa vitatu na kukubali kimoja. Wa kwake unaweza kukataa hicho kimoja na kukubali hivyo vitatu. Mtu anajaribiwa kwenye ngozi yake mwenyewe. Tone dogo, ndani ya mkono, siku mbili. Ndiyo njia."

Shadya alikuwa ameangalia chini.

"Kwa hiyo," Mwanasiti akasema, "miaka yote hiyo ilikuwa bure?"

Nesi angeweza kumdanganya. Wengine wangemdanganya. "Si yote," akasema. "Vile vikali vinavyochoma kila mtu, ulivitupa, na umewaokoa wengi. Hivyo ni kweli. Lakini vile vya mtu na mwili wake, hapana. Hivyo ulikuwa unajiumiza tu."

Walirudi kwa bajaji ile ile. Alipofika alilala na nguo zake.

Jumanne asubuhi alimkuta Shadya uani, amekaa juu ya kigoda, mkono wa kushoto ameunyoosha mapajani, vitu vinne vimepangwa juu ya sinia.

"Nipake."

"Shadya, mkono wa bibi harusi hauwekwi doa."

"Nipake, Mama Mkubwa. Ni mimi ninayetaka kupendeza. Kama kuna wa kuwashwa, na awashwe mwenye harusi yake."

Mwanasiti alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Bi Zaina kafa. Alimpenda Bi Zaina. Mwishowe akavaa glovu za buluu alizopewa na Nesi, akachukua brashi ndogo, akaweka tone la kwanza kwenye ngozi ya mtoto wa watu. Faundesheni, poda, rangi ya mdomo, wanja. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa amefanya kile alichokatazwa, na mbingu haikuanguka.

Alhamisi alfajiri, kabla ya kwenda kupanda gari la Pangani, walitazama pamoja kwenye mwanga wa mlango. Faundesheni, safi. Poda, safi. Rangi ya mdomo, safi. Na pale penye wanja palikuwa pekundu, pamevimba, vipele vya maji vimejipanga.

"He!" Shadya akacheka. "Sungura kapona, kaungua mwalimu."

Mwanasiti hakucheka. Alikunja gauni lake upande wa kulia akaweka mkono wake kando ya ule wa binti. Kwake, pale pa wanja, palikuwa safi kama hapajaguswa. Angeuamini mkono wake kama siku zote, Ijumaa asubuhi angempaka mtoto wa Mwanamvua wanja ule machoni, na kufika adhuhuri macho yangefumba. Na yeye angesemaje? Alijua angesemaje. Angeuliza binti kala nini.

Akakaa kizingitini. Aliona aibu, hata akashindwa kufunga kiatu. Shadya akamfungia.

Ijumaa, Pangani, alimpamba. Alitimiza ahadi. Alimsinga kwa liwa, akamtia faundesheni na poda na rangi ya mdomo kwa glovu za buluu, hina ya majani imekolea nyekundu mikononi, na machoni hakumtia kitu. Wanawake walinong'ona, bibi harusi gani hana wanja, Mwanasiti kazeeka. Aliwasikia. Shadya alimkamata mkono akaubusu, wa kushoto, juu ya gauni, na nje Mzee Uweso akawa anaita kwamba shehe ameshafika.

Baada ya nikahi masinia yakapita upande wa wanawake. Wali wa nazi, na juu yake kamba wakubwa wa kukaanga, wa Pangani wale, bado wana maganda. Mwanasiti hakuwa na njaa. Alikuwa anamtafuta mtu kwa macho, akamwona karibu na dirisha: Saumu, mwili umeongezeka kidogo, macho yale yale makubwa. Alikuwa anawatoa kamba kwenye upande wake wa sinia mmoja mmoja, bila hata kuangalia, anawasogezea wenzake, kwa mazoea ya mtu aliyefanya hivyo miaka mingi.

Mwanasiti akanyanyuka. Akapita katikati ya miguu ya watu, samahani, samahani, akakaa kando yake.

"Saumu."

"Shikamoo Bi Mwanasiti. Hongera, umempamba vizuri wifi yetu."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Siku ya harusi yako hawakuwa kamba. Ulikuwa wanja wangu. Mimi ndiye niliyekuunguza."

Tonge la Saumu likasimama njiani. Wawili watatu waliokaa karibu wakageuka.

"Unasemaje?"

"Nasema nilikuunguza mimi, nikakusingizia kamba mbele ya watu ili nisiharibikiwe jina. Sikujua kwa yakini, lakini sikutaka kujua. Nisamehe, na usiponisamehe ni haki yako."

Saumu akamtazama. Mwanasiti hakuinamisha uso, ingawa alitamani.

"Miaka kumi na moja, Bi Mwanasiti," Saumu akasema polepole. "Nimejifungua watoto watatu. Mume wangu akipika kamba nyumbani nahamia uani na sahani yangu. Picha za harusi yangu ziko chini ya godoro, hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyeziona."

"Najua. Sikujua ya picha."

"Nilikuwa nawapenda sana kamba."

"Najua, mwanangu."

Kelele za vigelegele zikapanda kutoka chumba cha bibi harusi. Saumu hakugeuka. Alinyoosha mkono kwenye sinia, akawakusanya wale kamba aliokuwa amewatenga, akawajaza kwenye sahani, akaiweka mapajani mwa Mwanasiti.

"Nimenyee," akasema.

Mwanasiti akakunja gauni, mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, mbele ya watu. Wanawake wakaona, na mmoja akasema yarabi. Yeye akaanza kuwamenya, mmoja mmoja, na Saumu akawa anapokea na kula, machozi yanamtoka na anatafuna, mpaka sahani ikabaki maganda.